Kwa nini koili za tanuru lako zinakatika kila mwezi

Swali limetoka Mwanza, nalifupisha: "Shikamoo injinia. Tuna tanuru la umeme la kutia chuma ugumu, 36 kW fezi tatu, kila koili inapata 230 V kati ya fezi na nyutro. Tunafanya nyundo za mashine za kusaga na springi za magari kwenye nyuzi 850 mpaka 870, na siku zingine visanduku vya mkaa (vya kuingiza kaboni kwenye chuma) kwenye 920. Koili zilizokuja na tanuru zilikaa zaidi ya mwaka. Zilipoisha tukanunua waya wa nikromu 3 mm tukasuka wenyewe kwa urefu uleule, kama mita 20 na nusu kila fezi, sasa zinakaa wiki tatu nne zinakatika. Klampu mita inasoma ampea 68. Kontakta imeshaungua pia. Watu wanasema waya ni feki. Halafu kuna jamaa anatuuzia tanuru la fimbo za silikoni kabaidi, tulichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Asante kwa kuweka ile namba ya ampea, maana wengi wanaoniuliza wanaandika tu "koili zinaungua" basi, hapo unabaki kupiga ramli. Hiyo 68 yako imeshajibu nusu ya swali.

36 kW kwa fezi tatu ni 12 kW kila fezi. Gawanya kwa 230 unapata ampea 52 na kidogo. Hizo 52 ndo tanuru lilivotengenezwa kuvuta, wewe unavuta 68, yaani karibu 15.6 kW kila fezi, jumla karibu 47 kW kwenye tanuru la 36. Ndo maana kontakta, ile swichi kubwa inayowasha na kuzima koili, imeungua, nayo ilichaguliwa kwa mzigo wa 52. Sasa hiyo ziada imetoka wapi wakati urefu ni uleule na unene ni uleule? Imetoka kwenye aina ya waya.

Huku kwetu waya wowote wa koili tunauita nikromu, ila kuna familia mbili tofauti kabisa. Nikromu yenyewe ni nikeli kama asilimia 80 na kromu 20, ilipewa hataza Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh. Nyingine ni ya chuma, kromu na aluminiamu, haina nikeli kabisa, hii ilianza kutengenezwa na Mswidi Hans von Kantzow kule Hallstahammar na kampuni ya Kanthal ikaanzishwa mwaka 1931, mpaka leo watu wanaiita kwa jina hilo hata ikitoka kiwanda kingine. Ukinzani wa nikromu 80/20 ni kama omu 1.09 kwa mita moja ya waya wenye eneo la milimita moja ya mraba, ule wa Kanthal A-1, daraja moja la waya huo wa pili, ni 1.45. Kwahiyo ukitoa waya wa pili ukaweka wa kwanza kwa urefu uleule, ukinzani unashuka kwa robo na umeme unapanda kwa theluthi hivi. Piga hesabu ya 3 mm mita 20.7, ongeza asilimia 4 au 5 kwenye ukinzani maana waya ukiwa wa moto unapanda kidogo, utaona mwenyewe: ya A-1 inakupa 12 kW, ya nikromu inakupa 15.8. Namba zako zimekaa palepale. Waya wako sio feki, ni waya mwingine tu umeufunga kwa vipimo vya mwenzake.

Usiniamini kwa maneno, chukua sumaku ya spika mbovu uiguse kwenye kipande cha waya wa zamani kama bado kipo kwenye skrepa yenu. Kikinata ni ile ya chuma na aluminiamu. Halafu gusa waya mpya ambao haujawahi kuwashwa, nikromu 80/20 hainati. Nasisitiza ambao haujawashwa kwa sababu nikromu iliyoliwa ndani inaweza kuanza kunata nayo, nitaeleza mbele, hivo ukipima kipande kilichoungua utajichanganya.

Sasa tuingie kwenye kinachoua koili, maana hata ukirudisha waya wa zamani bado nadhani unaweza kupata maisha marefu zaidi ya mwaka mmoja.

Watu wengi wanaangalia joto la tanuru tu, mita inasoma 850, waya umeandikwa unavumilia 1,200, wanasema mbona kuna nafasi kubwa. Waya haukai kwenye 850. Ili utoe joto lazima uwe wa moto kuliko tanuru, na uwe wa moto kiasi gani inategemea wati ngapi zinatoka kwenye kila sentimita ya mraba ya uso wake. Wako sasa hivi unatoa wati 8 na ushee kwa kila sentimita ya mraba, na uko ndani ya grufu, ule mfereji kwenye tofali unaoshika koili, ambapo zaidi ya nusu ya uso wake unatazamana na tofali au na raundi jirani ya koili, haioni chuma kabisa. Ukipiga hesabu ya mionzi kwa hali hiyo tanuru likiwa 850 na umeme umefunguka wote, waya unafika kwenye 1,300 na kitu. Nikromu 80/20 mwisho wake wa kufanyia kazi ni 1,200 na inayeyuka kwenye 1,400 hivi. Hebu angalia ncha za waya uliokatika, kama zina kitone cha mviringo kama kichwa cha kiberiti basi haukukatika, uliyeyuka.

Waya wa zamani wa A-1, 3 mm hiyohiyo, ulikuwa unatoa wati 6 hivi, kwa hesabu ileile unakaa kwenye 1,250, lakini wenyewe unaruhusiwa mpaka 1,400 ndo maana ulisogea mwaka. Hata hivo wati 6 kwa koili iliyozama kwenye grufu ni nyingi, aliyetengeneza tanuru alibana gharama ya waya.

Hapa ndo penye pesa yako yote, kwahiyo soma taratibu. Ukibaki na 12 kW zilezile kwa fezi lakini ukaongeza unene wa waya, urefu nao lazima uongezeke ili ukinzani ubaki palepale, na vyote viwili vinaongeza uso. Kwa A-1: 3 mm unahitaji mita 20.7 na uzito wa kilo 1 tu, wati 6.2 kwa sentimita ya mraba. 4 mm unahitaji mita 36.7, kilo 3.3, wati 2.6. 5 mm unahitaji mita 57, kilo 8, wati 1.3. Umeona milimita moja tu imeshusha mzigo kwa zaidi ya nusu? Na joto la waya kwa makadirio yaleyale linatoka 1,250 linashuka mpaka 1,070 hivi kwa 4 mm, na chini ya 1,000 kwa 5 mm. Juu ya hapo waya mnene una akiba kubwa ya aluminiamu ndani, na akiba hiyo ndo maisha yenyewe.

Kwanini akiba? Kwa sababu waya hizi zote haziishi kwa ugumu wa metali, zinaishi kwa utando mwembamba wa oksaidi unaojijenga juu. Kwenye nikromu utando ni wa kromu, kwenye Kanthal ni wa aluminiamu, ule wa kijivu hafifu unaoelekea weupe. Utando ukikaa vizuri hewa haipiti kwenda ndani. Ukipasuka waya unajenga mwingine kwa kuchota aluminiamu ya ndani, ukipasuka tena unachota tena, siku aluminiamu ikiisha oksijeni inaingia kwenye chuma chenyewe na hapo ni suala la masaa. Kwahiyo kila ninachokwambia kuanzia hapa kinahusu vitu viwili tu, joto la uso wa waya na vitu vinavyoharibu utando.

Kwa grufu zako mi ningeenda na 4 mm A-1. Ukiisuka kwenye nondo ya 22 mm unapata kipenyo cha kati cha 26, kama raundi 449, na ukiivuta mpaka raundi na raundi ziachane milimita 8 kutoka kati hadi kati unahitaji grufu ya mita 3.6 kwa fezi. Pima grufu zako kabla hujanunua. Usije ukabana raundi zisogeleane ili koili itoshe, nafasi kati ya raundi isiwe chini ya unene wa waya wenyewe, na kuvuta kuwe sawasawa koili nzima, maana pale zilipobanana zinapashana zenyewe kwa zenyewe na hapo ndo patakatika kwanza. Nimeona koili nyingi za kusuka kwa mkono ambazo mwanzo zimeachana vizuri halafu mwishoni fundi alikosa nafasi akasukumiza, nenda kaangalie ilipokatika, ni hapohapo.

Grufu zisipotosha kuna njia nyingine, punguza kilowati. Jiulize kama kweli unazihitaji zote 36 au unakimbizana tu asubuhi kupasha. Ila usipunguze kwa kukata koili mafupi, ukikata unaongeza umeme, hili kosa linafanywa sana. Koili imekatika sehemu mtu anatoa kipande kibovu anaunganisha iliyobaki anasema imepona, kumbe ameifupisha na sasa inavuta zaidi ya jana.

Tukija kwenye uchafu, hapa naomba usikasirike maana naona unafanya visanduku vya mkaa. Wenzako wengi wanachanganya mkaa na magadi, na wengine wanaongeza chumvi ya mezani ili kaboni iingie haraka, halafu kisanduku kinazibwa kwa udongo ambao ukikauka unapasuka. Ule mvuke wa magadi na chumvi unatoka unaenda moja kwa moja kwenye koili. Alkali na klorini ni maadui wakubwa wa utando wa aluminiamu. Na gesi ya mkaa nayo ndo inayokula nikromu kwa ndani kati ya nyuzi 800 na 950, yaani palepale unapofanyia kazi, kromu inaondoka kwenye metali inageuka oksaidi ya kijani ndani ya waya, ukivunja unaona ukijani kwenye kidonda. Hiyo ndo nikromu niliyosema inaanza kunata sumaku, kromu yake imeshaliwa. Kwa kazi yako basi waya wa aina ya Kanthal, ule wa chuma, kromu na aluminiamu, ndo sahihi, na visanduku viwe vya bati nene lililochomelewa, mfuniko uingie kwenye mfereji uliojazwa mchanga mkavu, chumvi acha kabisa. Ukimaliza siku za mkaa, washa tanuru tupu kwenye hewa safi masaa kadhaa kwenye joto la juu kabla ya kuzima, utando ujitengeneze upya.

Springi za magari zinakuja na grisi na udongo, nyundo zimetumbukizwa kwenye oili chafu ya injini halafu zinarudishwa tanuruni kutempa (kupashwa tena kupunguza ukavu) zikiwa zinadondosha. Oili ya injini ina salfa, zinki na fosforasi ndani yake. Salfa kwa nikeli ni sumu, inatengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye 640 hivi, yaani waya unayeyuka vidoa vidoa wakati tanuru halijafika hata joto la kazi. Osha, kausha, ndo uingize. Na ukipaka boraksi kuzuia chuma kisiungue juu, isidondokee kwenye koili, inayeyusha utando kama inavyoyeyusha kutu kwenye kuchomelea shaba.

Magamba ya chuma sakafuni ni jambo dogo ambalo halipewi heshima yake. Yale magamba meusi yanayodondoka kwenye nyundo yakiingia kwenye grufu za chini yanajaza kati ya raundi, yanashotisha raundi mbili tatu, na kwenye joto kali yanashambulia utando. Weka sahani za silikoni kabaidi au za chuma cha kuhimili moto juu ya koili za chini, na kila wiki tanuru likiwa limepoa vuta magamba kwa vakyum. Usiyapulize kwa kompresa, utayapeleka kwenye koili za ukutani.

Udongo wa kichuguu nao, naujua tunaupenda, unakaa vizuri na ni bure. Kwa mlango na nje sina neno nao. Ndani kwenye grufu usiupake, una chuma, na mara nyingi waya utakapougusa ndipo utakapotoboka. Tofali na udongo unaogusana na waya wa Kanthal viwe na alumina (oksaidi ya aluminiamu) angalau asilimia 45 na chuma kisizidi asilimia 1. Na ile gundi ya sodiamu silikati wanayochanganya kwenye udongo wa kubandikia isiguse waya kabisa.

Ukishafunga koili mpya usikimbilie kazi. Kausha tanuru kama umepaka udongo, kisha peleka likiwa tupu mpaka 1,050 kama linafika, kwenye hewa ya kawaida, likae masaa 7 mpaka 10. Najua bosi atalalamika umeme unaungua bure siku nzima, mwonyeshe bei ya waya. Utando wa mwanzo ukijengwa vizuri mkaa na moshi unakuta ngao tayari. Na kuanzia hapo koili usiziguseguse, waya wa Kanthal ukishapita kwenye joto unakuwa mkavu, ukitaka kuunyoosha ukiwa baridi unavunjika kama tambi. Lazima upashe na gesi mpaka uwe mwekundu ndo uusogeze.

Miguu ya koili, pale inapopita ukutani kwenda nje, iwe minene, fimbo yenye eneo mara tatu ya waya au zaidi, iliyochomelewa. Nati za tamino, pale koili inapofungwa na waya wa umeme, kaza tena baada ya siku chache za mwanzo maana joto linazilegeza, tamino iliyolegea inapasha, inakula ncha, halafu unalaumu koili.

Kwenye kontakta ningependa utoke kabisa uende kwenye thairista, yaani swichi ya elektroniki. Kontakta inawasha inazima kwa dakika, waya unapanda na kushuka joto kila mara, utando unatanuka tofauti na metali unapasuka. Thairista inakata kwa vipande vidogo vya sekunde waya unakaa tulivu. Kama hela haipo sasa hivi weka muda wa mzunguko mfupi kadiri kontakta inavyoweza kuvumilia, na panga kazi zifuatane siku mfululizo badala ya kuwasha Jumatatu, kuzima Jumanne, kuwasha tena Alhamisi. Volteji nayo iangalie usiku, ikipanda kutoka 230 kwenda 250 umeme kwenye koili unaongezeka asilimia 18 bila wewe kugusa chochote.

Halafu thamokapo, ile fimbo ya kupimia joto inayopeleka namba kwenye mita. Kama ni ya aina ya K na imekaa kwenye moshi wa mkaa tangu tanuru linunuliwe, nayo ina kromu na nikeli, inaliwa kijani vilevile na inaanza kusoma chini. Mita inakwambia 850 kumbe ndani ni zaidi, koili zinateseka na chuma chako kinakua chembe kubwa, nyundo zinapasuka mteja anarudi. Nunua mpya, iingize ubavuni mwa ile ya zamani, linganisha. Na panga nyundo ziachane na ukuta, ukizirundika mpaka zinaziba koili, joto la nyuma ya rundo halionwi na thamokapo. Mlango uwe na swichi inayokata umeme ukifunguliwa, koleo ikigusa koili yenye 230 V hakuna fundi wa kurekebisha hilo.

Hilo tanuru la fimbo mi nisingelichukua kwa kazi ya 850. Silikoni kabaidi ni nzuri ukienda 1,300 na zaidi, lakini fimbo zake zinazeeka kwa namna yake, ukinzani unapanda taratibu kadiri zinavyotumika, unaweza kufika mara tatu hata nne ya mwanzo. Ukiwa mara nne, ili upate nguvu ileile unahitaji volteji mara mbili, kwahiyo lazima kuwe na transfoma yenye hatua nyingi unapandisha kidogokidogo. Na ikivunjika moja huwezi kuchanganya mpya na kuukuu kwenye kundi moja, mpya itakuwa na ukinzani mdogo na mgawanyo wa mzigo unaharibika, unabadilisha kundi zima. Ni dhaifu pia, nyundo moja ikidondoka imeondoka. Kama bado unalitaka muulize huyo jamaa transfoma ina hatua ngapi, na fimbo zimeshatumika muda gani. Akisema transfoma haimo kwenye bei mwambie akupigie upya ikiwemo, halafu ulinganishe na kilo 10 za waya wa 4 mm kwa fezi zote tatu.